Kabla ya Kumuuliza "Umeshinda?"

Mdogo wako yuko chuoni Marekani anakimbia, au mchumba wako ndiye nyota wa timu ya chuo. Nyumbani wote mnasubiri medali. Je, kuna hata mmoja aliyemuuliza kama analala?

Kwetu simu ya Jumapili ilikuwa sherehe. Ikifika saa tatu usiku mama anazima TV, simu inawekwa spika juu ya meza, kila mtu anasogeza kiti. Upande wa pili yuko mdogo wangu wa mwisho, mkimbiaji wa mita 1,500 katika chuo kimoja cha Marekani kilichomchukua kwa sababu ya miguu yake. Mama anaanza: "Mwanangu, umeshinda?" Baba mdogo anadakia: "Safari hii muda gani?" Mimi, dada mtu mwenye digrii yangu ya mawasiliano, nasubiri zamu yangu, halafu namkumbusha kuwa mchango wa bati za nyumba ya mama bado haujatimia.

Yeye jibu lake lilikuwa lile lile. "Poa. Nimekuwa wa pili." Wiki inayofuata, "Poa. Nimekuwa wa kwanza." Tunapiga makofi, mama anashukuru Mungu, tunakata simu, tunakula.

Jumapili moja ya Novemba mchumba wangu, ambaye leo ndiye mume wangu, alikuja kula kwetu. Akapewa simu amsalimie shemeji yake. Hakuuliza habari za mbio hata kidogo. Alisema tu, "Shem, hivi huko mnalala saa ngapi?"

Kimya. Kimya kirefu mpaka mama akadhani mtandao umekata. Halafu tukamsikia kijana wa miaka 21 analia kwenye spika, ukoo mzima ukisikiliza. Mama alichukua simu, akazima spika, akaingia nayo chumbani na kufunga mlango.

Ndipo tukajua. Alikuwa ameumia mguu tangu Septemba. Hakuwa amekimbia shindano hata moja. Kwa wiki tatu alikuwa halali zaidi ya saa tatu kwa usiku, vipindi vya asubuhi alikuwa haendi, na yale matokeo aliyokuwa anatutajia kila Jumapili alikuwa anayatunga mwenyewe. Mdogo wangu si mwongo jamani. Ni kwamba swali letu lilikuwa na jibu moja tu tulilotaka kulisikia.

Nilimwomba ruhusa kabla ya kuandika haya. Akanijibu kwa meseji: "Andika, dada. Ila chuo usikitaje." Basi sikitaji.

Njia ya zamani, mzigo wa zamani

Vijana wetu hawakuanza jana kwenda kusoma Marekani kwa nguvu ya miguu. Mtanzania Suleiman Nyambui alikuwa akikimbilia University of Texas at El Paso alipochukua medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Huo ndio mfano tunaopenda kuusimulia, na tuna haki, maana njia hii imefungulia milango watu wengi.

Lakini kuna upande mwingine. Henry Rono wa Kenya alikuwa mwanafunzi wa Washington State University mwaka 1978 alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000, kisha mita 3,000. Si mchezo! Ila Olimpiki hakuwahi kukimbia, kwa sababu Kenya ilisusia michezo ya 1976 na ya 1980. Pombe ikamteka. Kuna vipindi alikosa hata pa kulala, yeye aliyekuwa na rekodi nne za dunia. Aliyasimulia mwenyewe katika kitabu chake, Olympic Dream, na alifariki Februari 2024 akiwa amesharudi nyumbani Kenya.

Halafu kuna Marko Cheseto, kijana kutoka Kapenguria aliyekuwa nyota wa mbio katika University of Alaska Anchorage. Februari 2011 mwanariadha mwenzake wa chuoni, Mkenya kama yeye, alijiua. Cheseto alizama kwenye huzuni na kujilaumu. Novemba mwaka ule ule alitoka kukimbia na hakurudi. Alitafutwa kwenye theluji kwa zaidi ya siku mbili, mpaka alipojikokota mwenyewe na kufika kwenye hoteli moja jirani na chuo. Miguu ilikuwa imeganda kwa baridi. Yote miwili ilikatwa.

Cheseto alipona, akajifunza kutembea upya, kisha kukimbia kwa miguu bandia. Mwaka 2019 alimaliza Boston Marathon kwa saa 2, dakika 42 na sekunde 24. Na amekuwa akizungumza wazi kuhusu sonona, yaani ule ugonjwa wa akili unaomnyima mtu usingizi, hamu na matumaini kwa muda mrefu. Ukimsikiliza unagundua kitu: kijana aliyelelewa kuwa mwanaume ni kuvumilia hana hata maneno ya kusema kwamba anaumwa kitu kisichoonekana kwenye picha ya eksirei.

Tusichokiona tukiwa huku

Sisi tulio nyumbani tunaona picha: jezi, uwanja wa kijani, theluji, tabasamu. Hebu tuangalie hesabu yenyewe.

Kwa kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vingi vya Marekani, mwanamichezo wa daraja la kwanza hapaswi kupewa na makocha zaidi ya saa 20 za mazoezi kwa wiki wakati wa msimu. Unaweza kusema si nyingi. Ila siku nzima ya mashindano inahesabiwa kuwa saa tatu tu, na safari ya basi au ndege haihesabiwi kabisa. Ongeza masomo. Ili abaki na sifa za kushindana, kwa kawaida anatakiwa awe mwanafunzi wa muda wote, na mitihani haijui kwamba Jumamosi alikuwa mkoa wa mbali anakimbia.

Sasa njoo kwenye pesa, ishu inayotugombanisha sana. Ufadhili wa masomo si mshahara! Unalipia ada, malazi, chakula na vitabu, na kwenye riadha wengi wanapewa sehemu tu ya gharama hizo. Mwenye viza ya mwanafunzi kwa kawaida anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo tu, tena isizidi saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Ni kweli tangu Julai 2021 wanamichezo wa vyuo wanaruhusiwa kuingiza pesa kwa jina na picha zao, na tangu 2025 kuna vyuo vinavyoweza kuwalipa moja kwa moja. Lakini pesa nyingi inakwenda kwenye mpira wa Kimarekani na kikapu, na viza ya mwanafunzi inambana sana mgeni. Kwa hiyo ukimwambia mdogo wako "tutumie hata kidogo", kuna uwezekano unamwomba pesa ya chakula chake. Mimi nilikuwa namwomba bati.

Kuna baridi na giza pia. Anchorage kwa mfano, mwezi Desemba jua linaonekana kwa takriban saa tano na nusu tu kwa siku. Wataalamu wanajua kuwa upungufu wa mwanga unaweza kuamsha sonona ya majira ya baridi. Ugali hakuna, lugha ya utani hakuna, na simu ya nyumbani inakuja na swali lile lile.

Akiumia mguu, kinachouma si mguu peke yake

Mdogo wangu aliniambia jambo ambalo sijalisahau: "Dada, mguu ulipopasuka mfupa, nilikosa cha kujibu mtu akiniuliza mimi ni nani."

Fikiria kidogo. Tangu darasa la saba anaitwa "mkimbiaji". UMISSETA alikuwa mkimbiaji, mtaani ni mkimbiaji, kanisani anatangazwa kuwa mkimbiaji. Siku mguu unagoma, jina lote linakwenda. Haendi mazoezini na wenzake, hasafiri na timu, anakaa chumbani na barafu kwenye mguu, huku akiogopa kuwa mwakani ufadhili hautaongezwa. Ndiyo maana wataalamu wa afya ya wanamichezo wanasema kipindi cha majeraha ni cha kumwangalia mtu kwa makini. Vipindi vingine ni mwanzo wa mwaka wa kwanza, baada ya kushindwa vibaya, na miezi ile ambayo safari ya michezo chuoni inakwisha na mtu anarudi kuwa raia wa kawaida.

Wasichana wana la kwao pia. Katika mbio ndefu wengine huambiwa, kwa maneno au kwa macho tu, kuwa wepesi ndio kasi. Wanapunguza kula wakati mazoezi yanadai chakula zaidi. Matokeo yake hedhi inakata, mifupa inapata nyufa, hasira na huzuni zinapanda. Ukisikia mdogo wako wa kike anasema kwa fahari kwamba "siku zimepotea, ni mazoezi tu", usicheke naye. Mwambie amwone daktari wiki hiyo hiyo.

Dalili za kuangalia

Hakuna dalili moja inayotosha. Ila zikija mbili tatu kwa pamoja na zikidumu zaidi ya wiki mbili, usiseme "ni uchovu tu":

• Halali, au analala mchana kutwa.
• Majibu yamekuwa mafupi, simu hapokei, amejitoa kwenye magrupu ya WhatsApp.
• Hataki kutaja kocha wala wenzake, wakati zamani ndiyo zilikuwa stori zake zote.
• Masomo yanashuka ghafla.
• Anaumia mara kwa mara, au anaficha maumivu ili asitolewe kwenye timu.
• Pombe imeingia, au imeongezeka.
• Anajiita mzigo, anasema hana maana, au anaongea kana kwamba anaaga.

Hiyo ya mwisho haisubiri wiki mbili. Haisubiri hata kesho.

Sasa ufanyeje?

1. Badili swali la kwanza. Anza na mwili na siku yake: umelala vipi, umekula nini, umecheka na nani wiki hii. Matokeo atayasema mwenyewe yakiwa mazuri, na yakiwa mabaya atajua pa kuyapeleka.

2. Zima spika. Mtu hawezi kueleza huzuni yake mbele ya baba mdogo na majirani. Mpe kila ndugu siku yake, na mmoja wenu awe wa kusikiliza tu.

3. Hesabu saa. Novemba mpaka mapema Machi, Anchorage iko nyuma yetu kwa saa 12. Saa nne usiku ya kwetu ni saa nne asubuhi ya kwao. Texas kwa sehemu kubwa iko nyuma kwa saa tisa. Ukipiga wewe ukiwa na nafasi, unaweza kuwa unamwamsha mtu aliyehangaika usiku kucha kupata usingizi.

4. Ondoa bili mezani. Kaeni kama familia mkubaliane kwamba hadi amalize chuo hadaiwi mchango wowote. Kisha mwambieni kwa maneno, msidhani anajua. Kwetu baba mdogo ndiye aliyesema: "Bati zitasubiri. Wewe soma, upone." Nasikia alilia tena siku ile, ila kilio kingine.

5. Mwelekeze kwa mtaalamu, na mwambie si kichaa. Mwaka 2016 NCAA ilitoa mwongozo unaovitaka vyuo viwe na wataalamu wa afya ya akili wenye leseni, utaratibu wa kuwapima wanamichezo mapema, na njia inayojulikana ya kumpeleka mtu kwenye msaada. Vyuo vingi vina ofisi ya ushauri nasaha ambayo mwanafunzi haongezewi malipo kuitumia, na mazungumzo yake ni siri. Kama anaogopa kocha, aanze na mhudumu anayetibu majeraha ya timu. Mdogo wangu ndiko alikoanzia.

6. Ukiogopa anaweza kujidhuru, muulize wazi. Wengi tunadhani kulitaja neno ni kumpa wazo. Shirika la Afya Duniani linasema sivyo. Kuuliza kunampa nafasi ya kupumua. Sema: "Je, unafikiria kujiua?" Akisema ndiyo, usikate simu, usimhubirie. Hakikisha kuna mtu karibu naye. Akiwa Marekani anaweza kupiga au kutuma meseji 988 saa yoyote, mchana au usiku. Akiwa hapa nyumbani, mpelekeni hospitali hiyo hiyo siku: hospitali ya rufaa ya mkoa, Muhimbili, au Mirembe kule Dodoma. Na msimwache peke yake njiani.

Na wewe uliyebaki nyuma ya penzi

Nawajua wachumba ambao mmoja yuko ofisini Posta, mwenzake yuko kwenye uwanja wa chuo ng'ambo. Barua pepe zao nimezisoma na malalamiko yanafanana: "Amebadilika. Hanijali. Nahisi ana mtu mwingine."

Inawezekana ana mtu mwingine. Inawezekana pia ana sonona. Kabla ya kutoa hukumu, jaribu hivi: kwa wiki mbili usidai maelezo ya kwa nini hakupiga. Mtumie ujumbe usiohitaji jibu, picha ya foleni ya Ubungo, sauti ya mvua kwenye bati. Pangeni simu moja kwa wiki ambayo haigusi mbio wala harusi. Halafu muulize mara moja, kwa upole: "Kuna kitu kizito unabeba?" Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu kuliko zote.

Lakini na wewe usigeuke daktari wake. Huwezi kumtibu mtu kwa WhatsApp saa nane za usiku kila siku na asubuhi uwahi kazini. Mpende, msikilize, msukume kwa upendo aende kwa mtaalamu, na uwe na rafiki mmoja wa kukusikiliza wewe. Na kama penzi lenyewe limekwisha, mwambie ukweli kwa utu, na umwombe ndugu yake mmoja awe karibu naye siku hiyo. Ugonjwa wake si kosa lako, na pia si pingu yako.

Makocha na shule zetu je?

Usidhani ni habari ya Marekani tu. Mtoto anayepelekwa kambi ya UMISSETA kwa nauli ya kuchangiwa, huku kijiji kizima kikimwita "mkombozi wetu", anabeba mzigo ule ule kwenye begi dogo zaidi. Huko mshauri nasaha mara nyingi ni mwalimu wa nidhamu huyo huyo mwenye fimbo. Kama unafundisha, kama ofisi yako inadhamini timu, au kama una mtoto shuleni, omba jambo moja dogo: mwanamichezo aliyeumia aendelee kukaa na timu, apewe kazi ya kushika saa au kuandika matokeo. Asipotee kama jezi iliyochanika.

Hata walio juu kabisa wanasimama. Simone Biles alijitoa kwenye fainali ya timu ya Olimpiki ya Tokyo Julai 2021 kwa sababu akili na mwili vilikuwa haviendi pamoja, na wapo waliomtukana. Mwaka 2024 alirudi Paris akachukua dhahabu tatu na fedha moja. Simtaji kwa sababu alishinda. Namtaja kwa sababu alisimama wakati dunia nzima inamwangalia, na mdogo wangu alishindwa kusimama mbele ya watu sita wanaompenda.

Jumapili yetu siku hizi

Utauliza, aliishia wapi? Alikosa msimu mzima. Alikwenda kwa mshauri kila Alhamisi, na kwa muda alitumia dawa. Alirudi kukimbia, lakini ule muda wake bora hakuufikia tena. Alimaliza shahada yake. Sasa anafanya kazi ya kawaida tu, asubuhi anakimbia kilomita chache kwa raha zake, na kuna miezi ambayo bado anapigia simu mtaalamu wake.

Medali haikuja nyumbani. Bati zilikuja, tulichanga sisi wenyewe.

Nilimuuliza mume wangu siku ile alijuaje cha kuuliza. Akacheka. "Sikujua kitu. Mimi riadha siielewi, nikaogopa kuuliza mbio nionekane mshamba. Nikauliza nilichokijua."

Msomaji, Jumapili hii ukimpigia mwanamichezo wako, uliza unachokijua. Kulala unakujua. Kula unakujua. Kumkumbuka mtu unakujua vizuri kabisa. Hayo ya mbio mwachie kocha.